Boxer au TVS? Ubishi wa vijiweni Masasi na Newala ambao mzazi anapaswa kuusikia

Fedha za korosho zikianza kuingia, mazungumzo ya vijiweni hubadilika. Minada hufunguliwa Oktoba, MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba, na malipo yakishasoma benki kuna nyumba nyingi ambazo kijana wao ameshachagua pikipiki zamani. Kilichobaki ni kumshawishi baba, mama au mjomba atoe hela. Na ushawishi huo huanza na swali moja: Boxer au TVS?

Usiudharau ubishi huu. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda Mkuti mjini Masasi, au karibu na stendi ya Newala, utakuta vijana wanabishana kwa ukali kama wa Simba na Yanga. Shabiki wa Boxer atakwambia injini yake ni chuma, haiogopi mlima, na spea zake zinapatikana hata dukani kijijini. Shabiki wa TVS atajibu kwamba yake inabana mafuta, siti yake haichoshi na abiria anakaa vizuri. Pembeni hakosekani mwenye Sanlg ya zamani anayetetea pikipiki ya Kichina ambayo wenzake wanaicheka, ingawa ndiyo iliyomjengea nyumba.

Ukweli ni kwamba Boxer na TVS zote zimetoka India, moja kwa kampuni ya Bajaj na nyingine kwa TVS Motor, na zinafanana kuliko mashabiki wake wanavyotaka kukubali. Lakini nani anataka kusikia hilo? Wazee wa uwanda wa Makonde nao walikuwa na ubishi wao: baiskeli ya Raleigh au Phoenix, Land Rover 109 au Land Cruiser. Tofauti ni kwamba baiskeli ilipandishwa mlima kwa kusukumwa.

Vijana hawaishii hapo. Wenye simu nzuri wanafuatilia mashindano ya magari ya Marekani na wanaweza kukutajia Mustang, Camaro na Challenger kama wanavyotaja majina ya binamu zao. Ubishi huo ni mkongwe. Ford waliitoa Mustang Aprili 17, 1964, na Chevrolet wakajibu kwa Camaro mwaka 1966. Mashabiki wa pande hizo mbili hawajapatana hadi leo, ingawa Camaro na Challenger ya injini ya mafuta ziliacha kutengenezwa Desemba 2023. Dodge walipotoa Challenger iitwayo Hellcat, toleo la mwaka 2015, ilikuwa na nguvu za farasi 707. Boxer ya 150 ina kama 12. Yaani ungehitaji karibu Boxer 60 kulivuta gari hilo moja.

Hesabu hiyo huwachekesha vijana. Kwa mzazi, kuna hesabu nyingine. Dereva wa Hellcat amezungukwa na chuma cha tani mbili, amefunga mkanda, na mbele yake kuna mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Dereva wa Boxer amevaa shati. Kwa hiyo zile nguvu 12 zinatosha kabisa kumuua, na hazihitaji barabara ya Marekani kufanya hivyo.

Angalia mwendo wenyewe. Pikipiki inayokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Mbuzi akikatiza, dereva mzima, asiye na usingizi wala pombe, hutumia kama sekunde moja kushtuka na kufikia breki. Mita 22 zimekwisha na breki haijashika. Zaidi ya hapo, mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa breki kusimamisha chombo huongezeka mara nne, na kishindo cha kugonga nacho huongezeka mara nne. Kugonga ukuta ukiwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu karibu mita 10, urefu wa mkorosho mkubwa. Kwa kilomita 80 ni mita 25, na hakuna mkorosho wa urefu huo Newala nzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Shirika hilohilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Siyo malaria, siyo Ukimwi.

Kinacholeta wasiwasi zaidi katika ukanda huu ni barabara inayobadilika. Njia ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina kilomita 210. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata kiliwekwa lami mapema, na kilomita 160 zilizobaki, kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, zimeingia kwenye mradi unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kila mtu aliyewahi kusukuma pikipiki kwenye mchanga wa uwandani anaisubiri lami kwa hamu, na ana haki. Ila mchanga ulikuwa unafanya kazi moja bila kusifiwa: ulimlazimisha kijana kupunguza mwendo. Aliyejifunza kuendesha kwenye mchanga, siku akiikuta lami na kona ya kushuka bondeni, mikono yake bado haijui mwendo ule. Kisheria, maeneo ya makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, lami iwepo isiwepo.

Halafu kuna uraka. Msimu wa korosho ndio msimu wa mabibo, na pombe yake haikai mbali na fedha. Kijana anaweza kunywa kidogo tu, akajiona yuko sawa, kumbe ile sekunde moja ya kushtuka imeshaongezeka. Nipa ndiyo usiseme.

Umri nao unachangia. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kupima hatari na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kijana wa miaka 18 aliyetoka jandoni zamani ni mtu mzima mbele ya ukoo, lakini ubongo wake bado haujamaliza kazi. Wataalamu wa makuzi wanajua pia kwamba kijana huthubutu mambo ya hatari zaidi akiwa mbele ya wenzake kuliko akiwa peke yake. Ndiyo maana ubishi wa kijiweni una uzito. Boxer na TVS haziwezi kupimwa kwa maneno, kwa hiyo jioni mtu atasema twende tukazipime. Pikipiki hutolewa site mira ili ipendeze, ekzosi hutobolewa ili ilie, na mshindi hupatikana kabla magharibi haijaingia.

Anayeshindwa vibaya hupelekwa Hospitali ya Mkomaindo ikiwa ni Masasi, au hospitali ya wilaya Newala, au Ndanda, kiasi cha kilomita 40 kutoka Masasi mjini. Mengi ya majeraha haya ni ya miguu na kichwa. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya nyama za paja, bila tone kuonekana nje. Ndugu wanaona mguu umevimba tu na wanadhani kuna muda wa kutafuta fundi wa mifupa. Hakuna. Na pale ngozi ilipochanika mfupa ukaonekana, kidonda kinahitaji kusafishwa hospitalini na dawa ya kuzuia maambukizi mapema, saa za mwanzo, la sivyo usaha huingia kwenye mfupa na kukaa humo miaka. Vijiti vilivyofungwa kwa kukaza kupita kiasi huzuia damu, na mguu uliokuwa unapona huishia kukatwa. Familia inayopewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa MOI jijini Dar es Salaam inasafiri zaidi ya kilomita 500, na mara nyingi anayelipa nauli ni yuleyule aliyelipia pikipiki.

Kichwa ni habari nyingine. Mguu unaungwa, ubongo uliopondeka hauungwi. Hapa ndipo kofia ngumu inapoingia, na takwimu zake hazina ubishi wa Boxer na TVS: tafiti nyingi zilizounganishwa pamoja zimeonyesha kofia hupunguza uwezekano wa dereva wa pikipiki kufa ajalini kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini ni kofia kweli. Kinachofyonza kishindo ni lile povu gumu la ndani, siyo ganda linalong'aa. Kofia isiyo na povu, au ile ya fundi ujenzi, ni ya kumdanganya trafiki. Ivae, funga mkanda chini ya kidevu, tikisa kichwa. Ikicheza, si saizi yako. Ikishapata ajali moja kubwa, haifai tena hata kama haina ufa, kwa sababu povu limeshabonyea.

Abiria wengi, hasa kina mama, hukataa kofia ya bodaboda kwa sababu imepita vichwani mwa watu 20 tangu asubuhi. Wasiwasi wa mba na fangasi si wa kipuuzi, na kuwacheka hakusaidii. Kitambaa chepesi au ushungi chini ya kofia kinatosha kuondoa tatizo hilo, na anayepanda kila siku anaweza kununua yake. Sheria inamtaka abiria avae kama dereva.

Kwa mzazi ambaye bado hajatoa hela, nguvu iko mikononi mwake, na haitarudi akishalipa. Kabla ya kujadili Boxer au TVS, zungumzeni mafunzo na leseni ya daraja A, kofia mbili zenye povu, na bima. Zungumzeni pikipiki italala wapi na ufunguo atashika nani usiku. Kama anaingia mkataba na tajiri, kaeni chini mpige hesabu ya siku, maana hesabu kubwa kupita kiasi ndiyo inayomfanya kijana akimbize abiria hadi saa sita usiku akiwa anasinzia. Kumkataza kabisa mara nyingi huishia yeye kuazima pikipiki ya rafiki, isiyo na breki.

Wadogo nao wasisahaulike. Asubuhi ni kawaida kuona watoto watatu wa shule wamepangwa mshikaki, wa mbele amekalia tenki. Pikipiki ikisimama ghafla huyo ndiye anayeangukia usukani kwa kifua. Watoto pia huungua ndama wa mguu kwenye ekzosi wakati wa kushuka. Wafundisheni kushukia upande usio na ekzosi. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi taratibu kwa dakika 20. Juu uwandani maji ni ya shida, basi loweka mguu kwenye beseni na ubadilishe maji yakipata joto. Dawa ya meno, mafuta na yai viache jikoni.

Ajali ikitokea, kosa la kwanza hufanywa na watu wema: majeruhi anabebwa mshikaki, katikati ya watu wawili, mguu uliovunjika ukining'inia. Tafuteni gari, hata la mizigo, mlazeni juu ya mlango au ubao, mguu ufungwe na ule mzima. Damu inayotoka nje ibanwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Asiyejitambua asipewe maji wala chai, na kofia yake isivuliwe kwa kuvutwa kama bado anapumua vizuri. Msikae polisi kusubiri PF3 huku mtu anaishiwa damu; aliye hatarini hutibiwa kwanza, fomu inafuata.

Kuna jambo moja ambalo mashabiki wa pande zote hulipuuza, nalo ni tairi. Vijana wanaopenda filamu za Fast and Furious wanamjua Paul Walker. Alifariki Novemba 30, 2013 huko California, na siku hiyo hakuwa anaendesha. Alikuwa abiria kwenye Porsche ya rafiki yake. Wachunguzi walitaja mwendo mkali, na wakaeleza pia kwamba matairi ya gari lile yalikuwa na umri wa miaka tisa. Gari la mamilioni, matairi mazee.

Ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwambie kijana akusomee za pikipiki anayotaka mnunue, hasa kama ni ya mkononi, kisha pitisha kidole kwenye meno. Likiwa na kipara, bei ya tairi jipya ikatwe kwenye bei ya pikipiki kabla hamjaanza kubishana jina lililoandikwa kwenye tenki.