Kiharusi Kisichopinda Mdomo

Kampeni za afya zimetufundisha jambo jema: mdomo ukipinda, mkono ukilegea na maneno yakikwama, hicho ni kiharusi, mgonjwa akimbizwe hospitali. Mafunzo hayo yameokoa watu wengi na hakuna sababu ya kuyaacha. Lakini yametuachia sura moja tu ya ugonjwa huu. Katika kaunti za Kitui na Makueni huku Ukambani, kama kwingine nchini Kenya, mtu ambaye mdomo wake umenyooka na anaweza kuinua mikono yote miwili huhesabiwa kuwa hana kiharusi, kisha hutafutiwa maelezo mengine: jua kali, njaa, malaria, uchovu wa shamba, au mkono wa mtu. Naamini kupooza si kipimo cha kutosha. Dalili inayounganisha sura zote za upungufu wa damu kwenye ubongo ni ule ughafla wake. Kitu ambacho mtu alikuwa nacho dakika iliyopita, iwe ni kuona, kusimama imara, kukumbuka au kuelewa maneno, kimeondoka bila kubisha hodi.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hupokea takriban asilimia 15 hadi 20 ya damu inayosukumwa na moyo, na hauna akiba ya kuutosha hata kwa dakika chache. Damu hiyo hupandia shingoni kwa ateri nne, mbili mbele na mbili nyuma. Za mbele hulisha sehemu kubwa ya ubongo, ikiwemo inayoongoza uso, mikono na usemi, ndiyo sababu zikiziba tunaiona ile picha tuliyozoea. Za nyuma hulisha shina la ubongo, sehemu inayotuweka wima tunapotembea, na sehemu inayopokea habari kutoka machoni. Takriban kiharusi kimoja kati ya vitano vinavyotokana na kuziba kwa mshipa hutokea huko nyuma, na hapo mdomo unaweza usipinde kamwe. Mgonjwa hushikwa na kizunguzungu na kutapika, huona kila kitu mara mbili, huyumba kama mlevi ilhali hajaonja pombe, hupaliwa na maji, sauti hukwaruza. Wengine hupata kwikwi zisizokoma, au hukosa kuhisi moto na baridi kwenye upande mmoja wa uso na upande wa pili wa mwili. Watafiti wa Kentucky, Marekani, walichapisha mwaka 2017 uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 700 wa kiharusi cha kuziba, wakaona kwamba asilimia 14 hawakuwa na hata dalili moja kati ya zile tatu za uso, mkono na usemi. Walipoongeza maswali mawili tu, kuhusu kutembea na kuona, waliobaki bila kutambuliwa walipungua hadi asilimia 4 hivi.

Zipo sura za ajabu zaidi. Jicho moja linaweza kupofuka kwa dakika chache, kana kwamba pazia limeshushwa, kisha likaona tena. Daktari Miller Fisher alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1950 jinsi upofu huo unavyohusiana na ateri ya shingo iliyoharibika. Mwingine hutetemeka mkono au mguu wa upande mmoja kila anaposimama, akili zake zikiwa timamu, na watu husema ni kifafa. Kumbe huenda ateri yake ya shingo imebana sana hivi kwamba presha ikishuka kidogo damu haifiki juu, na mtu kama huyo akiongezewa dawa za presha bila uchunguzi anaweza kudhurika zaidi. Sura inayonisikitisha kuliko zote ni ya mzee anayeamka akizungumza haraka na kwa ufasaha, lakini maneno yake hayana maana, wala haelewi anachoambiwa. Mikono ina nguvu, uso uko sawa. Katika Ukambani, ambako imani ya pepo na uchawi bado ina mizizi, ni rahisi familia kuona kwamba kuna kitu kimemwingia, ikaanza safari ya mganga au ya maombi. Sidharau imani ya mtu. Ila maombi yanaweza kufanywa ndani ya gari linaloelekea hospitali, na ubongo uliokosa damu hauwezi kungoja: makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yanaonyesha kwamba kiharusi cha kawaida cha mshipa mkubwa huua chembe milioni 1.9 za ubongo kila dakika.

Mtu anaweza kupinga kwamba kila kizunguzungu kikiitwa kiharusi, zahanati zitafurika na watu watauza mbuzi kulipia nauli bure. Pingamizi hilo ni la haki, kwa sababu kizunguzungu kingi hakitokani na kiharusi. Anayeona giza akiinuka baada ya kushinda juani, kisha akapata nafuu akikaa na kunywa maji, kwa kawaida amepungukiwa maji. Anayezungukwa na kichwa kwa sekunde chache kila anapogeuka kitandani mara nyingi ana tatizo la sikio la ndani. Mwenye kisukari apimwe sukari mara moja, maana sukari ikishuka huiga kiharusi. Na kwa kuwa ni Kitui, kope zikilegea na mtu akiona vitu viwili, atazamwe pia kama ameumwa na nyoka. Wa kukimbizwa ni yule ambaye kizunguzungu kimemjia ghafla na hakimwachi, ambaye hawezi kutembea bila kushikwa, au ambaye pamoja na kizunguzungu amepoteza kuona, kumeza, usemi au hisi. Watu hao ni wachache sana kuliko wanaolalamika kichwa kuzunguka.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: dalili imepita, mtu anakula na kucheka, kwa nini asumbuliwe? Hapo ndipo hatari ilipo. Damu ikikatika kwa muda mfupi kisha ikarudi, uwezekano wa kiharusi kamili huwa mkubwa zaidi katika siku chache zinazofuata. Utafiti uliofanywa Oxford, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa wa namna hii, na wale wa viharusi vidogo, walipotibiwa haraka, waliopata kiharusi kingine ndani ya siku 90 walishuka kutoka asilimia 10 hadi asilimia 2. Matibabu yenyewe yalikuwa hasa dawa za kawaida: za kuzuia damu kuganda, za presha na za kupunguza mafuta kwenye damu.

Hilo pia ndilo jibu kwa wanaosema kwamba katika Kitui, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, hakuna faida ya kuharakisha. Ni kweli kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha ya CT. Kwa anayetoka Tseikuru au Ikutha, muda huo unaweza kuishia njiani. Lakini kumkinga na kiharusi cha pili, kumpima kama anameza salama ili chakula kisimwingie mapafuni, na kusawazisha sukari hufanyika bila mitambo mikubwa. Nyumbani asipewe chakula, maji wala aspirini, kwa sababu bila picha hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au umepasuka, na aspirini huzidisha kuvuja. Iandikwe saa ya mwisho alipoonekana mzima. Daktari ataiuliza kabla ya jambo lolote.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari. Kazi ya kupima presha ina uzito, kwani uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa presha, na presha ya juu ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi. Kwa kuwa wahudumu hao wanaingia kila boma kuanzia Kyuso hadi Mtito Andei, waongezewe maswali mawili kwa kila mwenye presha au kisukari: je, umewahi kupoteza kuona ghafla, hata kwa dakika moja? Umewahi kushindwa kutembea ghafla bila kuumia? Atakayejibu ndiyo, na hasa ikiwa ilikuwa juma hilo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama amekuja kumfungulia mhudumu mlango kwa miguu yake mwenyewe.