Mbio za baiskeli dhidi ya saa

Mbio za baiskeli dhidi ya saa ni mashindano ya barabarani ambamo kila mwendeshaji huanza peke yake, kwa kawaida dakika moja baada ya mwenzake. Mshindi ni yule anayemaliza umbali uliopangwa kwa muda mfupi zaidi. Hairuhusiwi kujikinga upepo nyuma ya mwingine, hivyo muda anaoupata mtu ni wa juhudi zake mwenyewe. Kwa sababu hiyo waendeshaji wa ridhaa huzitumia kupima maendeleo yao.

Historia

Mbio hizi zilienea Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Chama cha waendesha baiskeli kilikuwa kimekataza mashindano ya kuanza kwa pamoja barabarani, kikihofia kwamba baiskeli zingepigwa marufuku. Mwaka 1895 Frederick Thomas Bidlake aliandaa mbio za maili 50 ambamo washiriki waliondoka mmoja mmoja.

Lengo maarufu nchini humo ni kumaliza maili 25 (km 40.2) chini ya saa moja. Mwanamke wa kwanza kulifikia alikuwa Beryl Burton, mwaka 1963. Mwaka 1967 alikwenda maili 277.25 (km 446.2) kwa saa 12, umbali uliozidi hata rekodi ya wanaume. Burton alibaki mwanamichezo wa ridhaa na aliwahi kufanya kazi shambani.

Kuweka malengo

Nafasi anayoshika mtu hutegemea waliojitokeza siku hiyo, na muda wake hutegemea pia upepo, joto na hali ya barabara. Kwa hiyo muda hulinganishwa vizuri zaidi kwenye njia ileile, tena kwa majaribio kadhaa.

Wenye kifaa cha kupima nguvu kwenye pedali huweka malengo kwa wati. Njia ya kawaida ni kuendesha kwa bidii yote dakika 20, kisha kuchukua asilimia 95 ya wastani uliopatikana. Aliyepata wati 240 hukadiriwa kuweza kudumisha takriban wati 228 kwa muda wa saa moja hivi.

Kuboresha muda

Kwenye barabara tambarare kizuizi kikubwa ni hewa. Nguvu ya kuishinda hukua haraka kuliko kasi: kutoka km 36 hadi 40 kwa saa, kasi huongezeka kwa asilimia 11, lakini nguvu inayohitajika dhidi ya hewa huongezeka kwa karibu asilimia 37. Ndiyo maana kuinamisha mgongo na kubana viwiko huweza kupunguza muda bila kuongeza nguvu, mradi mwendeshaji aweze kukaa hivyo hadi mwisho.

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kasi mno, kwani miguu huchoka mapema na muda uliookolewa mwanzoni hupotea baadaye. Kwenye njia tambarare isiyo na upepo mkali, nguvu iliyo sawa tangu mwanzo hufaa zaidi.

Mazoezi huchanganya safari ndefu za polepole na vipindi vikali, kwa mfano vipindi viwili vya dakika 20 karibu na kiwango cha saa moja. Siku za kupumzika ni sehemu ya mazoezi, kwa kuwa mwili hujijenga wakati huo.