Kuikarabati Tembe Huku Wenyewe Wamo Ndani

Msafiri atokaye Dodoma mjini kuelekea kaskazini mashariki, baada ya mwendo wa kilomita 40 hivi, hufika Hombolo, penye bwawa lililojengwa mwaka 1957. Katika sehemu hizo za uwanda wa kati, baina ya mashamba ya mtama, uwele na zabibu, bado huonekana hapa na pale tembe, yaani ile nyumba ya Wagogo iliyo fupi, yenye kuta za miti na udongo na paa bapa lililofunikwa kwa udongo. Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971 iliwahamishia watu vijijini, na kampeni za nyumba bora zilizofuata zikaipa tembe sifa ya unyonge. Hata hivyo haikutoweka. Mwenye tembe apatapo fedha, pengine kwa kuuza ng'ombe au zabibu, jambo la kwanza alitakalo ni bati.

Tatizo ni kwamba aghalabu hana pa kuhamia. Kazi hufanyika huku mama anapika, watoto wanalala chumba cha pili, na nafaka ya mwaka mzima imo ndani ya kilindo. Muda nao una mpaka: kiangazi huanza Mei, na mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Desemba. Katika miezi hiyo saba nyumba yapaswa kubomolewa na kujengwa bila ya kuacha kuwa nyumba. Yafaa basi kueleza jinsi tembe inavyosimama, kwa maana asiyejua kinachoishikilia aweza kuiangusha juu ya wenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba paa la tembe hubebwa na kuta. Sivyo. Paa hubebwa na nguzo zenye panda zilizofukiwa ardhini. Juu ya panda hulazwa boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito nyasi au vijiti, na mwisho udongo. Ukuta hujaza tu nafasi iliyo kati ya nguzo. Hii ni bahati njema kwa mkarabati, kwani aweza kubomoa ukuta mmoja na kuujenga upya kwa tofali huku paa la zamani likiwa limesimama mahali pake. Nyumba ya tofali ambayo kuta zake ndizo zibebazo paa haiwezi kutendewa hivyo bila ya kuegemezwa kwa miti.

Sasa tazama uzito. Udongo mkavu ulioshindiliwa una uzito wa kilo 1,600 hivi kwa mita moja ya ujazo. Ikiwa unene wake juu ya paa ni sentimita 15, kila mita ya mraba hubeba kilo 240. Chumba chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3 kina basi karibu tani 3 juu ya vichwa vya waliolala. Udongo huo ukilowa huzidi kuwa mzito, na ndiyo sababu tembe kuukuu huanguka wakati wa masika na si wakati wa kiangazi, hususan ikiwa mchwa wamekwisha kula nguzo chini ya usawa wa ardhi, mahali pasipoonekana. Kabla ya kugusa kitu chochote, kila nguzo ifukuliwe kidogo shinani na kuchomwa kwa ncha ya panga. Ikiwa panga laingia kwa urahisi, nguzo ya pili isimamishwe kando yake siku hiyo hiyo.

Boriti za tembe hazina misumari. Zinakaa katika panda kwa sababu ya uzito ulio juu yake na msuguano utokanao na uzito huo. Maadamu mzigo uko sawa pande zote mbili, boriti haisogei. Lakini mafundi wakianza kuuporomosha udongo wote wa upande mmoja, kama ifanywavyo mara nyingi kwa haraka, upande wa pili hulemea, boriti hubingirika kutoka katika panda, na udongo uliobaki hushuka kwa pamoja. Udongo uondolewe kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, kwa zamu pande zote mbili za mstari wa nguzo za kati, na mtu yeyote asiwe chini yake. Wengine hulimwagia paa maji ili kuzuia vumbi. Nia ni njema, lakini maji hayo ni mzigo mpya juu ya fito zilizochoka. Kunyunyizia tabaka lile tu linaloondolewa kwatosha.

Hatari ya pili ni ndogo kwa umbo, na ndiyo ambayo mafundi huisahau. Katika nyufa za kuta na sakafu za udongo huishi papasi, ambaye wanasayansi humwita Ornithodoros moubata. Mchana hujificha, usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi ufani kabla aliyeumwa hajaamka. Aweza kuishi miaka kadhaa bila ya kula. Yeye ndiye aenezaye homa ya papasi, ugonjwa uletwao na bakteria wenye umbo la mzingo. Homa hupanda kwa siku chache, hupoa kana kwamba mgonjwa amepona, kisha hurudi baada ya wiki moja hivi. Mwaka 1905 Robert Koch, akifanya utafiti katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, aliwakuta papasi hao katika vibanda vya kupumzikia misafara, akaona kwamba bakteria huingia hata katika mayai yao, na hivyo watoto wa papasi waweza kuzaliwa wakiwa nao. Mwaka huo huo Joseph Dutton, Mwingereza aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu nchini Kongo, alifariki baada ya kuambukizwa.

Ukuta unapobomolewa, papasi hawafi. Wale waliokuwa wametulia hutawanyika na kutafuta ufa mwingine, na ufa ulio karibu ni wa chumba kile ambamo familia imehamia kwa muda. Kifusi kikirundikwa uani, huenda nao. Kwa sababu hiyo watu wasilale sakafuni wakati wa ukarabati. Walale juu ya kitanda kilichotengwa na ukuta, ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro. Kifusi kipelekwe mbali siku ile ile, na udongo wake usitumiwe kutengeneza sakafu mpya, ijapokuwa ni rahisi na upo mkononi. Mama mjamzito ni wa kulindwa kuliko wote, kwa kuwa homa hii yaweza kuharibu mimba au kumwua mtoto mchanga. Ikiwezekana yeye apelekwe kwa jamaa. Mtu ashikwaye na homa katika majuma hayo akapimwe, na amweleze mganga wa zahanati kwamba nyumbani wanabomoa ukuta wa zamani. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa za antibiotiki, lakini kwa dalili zake hufanana mno na malaria.

Kuhusu joto, tembe imeonewa. Udongo wenye unene wa sentimita 15 hadi 20 hupitisha joto polepole hata joto kali la saa 8 mchana hufika upande wa ndani baada ya saa 5 hadi 7, likiwa limepungua sana. Wakati huo ni jioni, na nje kumeanza kuwa baridi. Bati halina ucheleweshaji huo. Likishika kutu huwaka juani kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na usiku wa Julai hupoa upesi kuliko hewa yenyewe. Basi chini ya bati iwekwe dari, hata ya mikeka, na baina ya viwili hivyo iachwe njia ya hewa.

Bati lina ugeni mwingine: ni jepesi. Upepo wa kilomita 100 kwa saa waweza kulivuta juu kwa nguvu ya kilo 40 hivi kwa kila mita ya mraba, ilhali bati na miti yake havifikii hata nusu ya uzito huo. Paa la zamani halikuhitaji kufungwa. Jipya lifungwe kwa waya mnene kutoka mapauni hadi ndani kabisa ya ukuta.

Chumvi yahitaji neno moja. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na hupanda ukutani kutoka ardhini. Yakikauka, chumvi huganda na kuumega udongo. Kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo hakuponyi: unyevu hufungiwa ndani, na plasta hubanduka kwa vipande. Msingi wa mawe ulioinuliwa wafaa zaidi.

Hatimaye mpangilio wa kazi. Chumba kimoja kimalizwe, kiezekwe na kuhamiwa kabla ya cha pili kuguswa, na chumba chenye kilindo kiwe cha mwisho. Lakini yakija mawingu ya Desemba na nyumba ikiwa nusu bati nusu udongo, ni ule mpaka baina ya mapaa mawili uwezao kuleta maafa. Mvua ya milimita 30 juu ya bati la mita 12 za mraba ni lita 360, na uzito wake ni kilo 360. Bati likiwa limeinamia upande wa zamani, maji hayo yote hutua mahali pamoja, juu ya udongo ambao tayari umelowa, juu ya fito zilizozeeka, juu ya kilindo. Tangu siku ya kwanza bati lielekezwe upande wa pili na kuwekewa mfereji. Lita hizo 360 hujaza pipa moja na kukaribia kulijaza la pili, nazo hazina chumvi.