Uzamili wa Kujilipia: Msaada Upo kwa Nani?

Kwa anayesoma jioni na kufanya kazi mchana, Manzese ni mahali pa busara pa kuishi. Ukipanda basi la mwendokasi la Kimara ukashuka Ubungo, daladala ya Sam Nujoma inakufikisha Mlimani kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu Ardhi kiko hapo jirani. Kwenye barabara hiyohiyo utakuwa umeipita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Ukielekea upande wa pili na kukata Magomeni kwenda Morocco, unapita Kinondoni yalipo makao makuu ya Chuo Kikuu Huria. Chumba cha kupanga Manzese kinabebeka kuliko cha Sinza, na nauli hailazimu kukopa.

Namwandikia mpangaji wa chumba hicho: mwalimu wa sekondari, muuguzi, karani wa benki au ofisa wa halmashauri aliyejisajili shahada ya uzamili kwa fedha yake mwenyewe. Nimesimamia tasnifu za watu wa namna hii, na wanapokwama ni mara chache sana sababu kuwa uwezo wa akili. Ada inaumiza, hilo halina ubishi. Lakini kuna jambo linalosemwa kwa nadra: sehemu kubwa ya msaada wa shahada za juu nchini ilibuniwa kwa ajili ya mtu mwingine, yaani mwajiriwa wa chuo.

Sababu yake inaeleweka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970. Walimu wengi wa mwanzo walikuwa wageni, na kazi kubwa iliyofuata ilikuwa kusomesha Watanzania wa kushika nafasi zao. Fedha zikaelekezwa huko. Ushirikiano wa utafiti na Sweden, ulioanza miaka ya 1970, ulikuja kusomesha wahadhiri kwa mtindo wa kwenda na kurudi: miezi kadhaa katika maabara na maktaba za Sweden, kisha nyumbani kukusanya data na kufundisha, kisha tena Sweden. CARTA, muungano wa vyuo na vituo vya utafiti vya Afrika ulioanzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya uzamivu wa afya ya jamii na masuala ya idadi ya watu, huchagua wanafunzi wake miongoni mwa watumishi wa taasisi wanachama. Mradi wa Serikali uitwao HEET, uliopata dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021, unajenga kampasi na kusomesha wahadhiri. Sina ugomvi na hata mmoja kati ya mipango hii. Chuo kisicho na walimu hakimsaidii yeyote. Tatizo ni kwamba wanaojilipia wameongezeka, na wanapouliza habari za ufadhili wanaonyeshwa milango ambayo hawana haki ya kuingia, bila kuambiwa mapema.

Bodi ya Mikopo nayo, iliyoundwa kwa Sheria namba 9 ya mwaka 2004, nguvu yake kubwa imewekwa kwenye shahada ya kwanza. Aliyepata mkopo huo na sasa ameajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, kiwango kilichowekwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Ndiyo kusema mwalimu wetu wa Manzese analipa shahada mbili kwa wakati mmoja: ile aliyoimaliza na hii anayoisoma. Kabla ya kujisajili, akae na hati yake ya mshahara, atoe makato yote, ndipo aangalie ada. Nimeona watu wakifanya hesabu hii muhula wa tatu, wakati deni la ada limeshawazuia kufanya mtihani.

Milango iliyo wazi kwa asiye mwajiriwa wa chuo ipo, ila kila mmoja una sharti lake. Mwanamke anayetaka uzamivu wa sayansi aitazame OWSD, taasisi ya wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea yenye makao yake Trieste, Italia. Inafadhili masomo katika nchi nyingine inayoendelea, na ina mpango wa kubaki umesajiliwa nyumbani huku ukienda nje kwa vipindi vya utafiti, jambo linalomfaa mwenye watoto. DAAD ya Ujerumani hufadhili pia watu wa kusoma hapahapa Afrika, kupitia vyuo na mitandao inayoiteua. Jumuiya ya Madola, kupitia tume yake ya ufadhili ya Uingereza, inatoa nafasi za uzamili kwa masafa, kwa hiyo huhitaji kuacha kazi wala kupanda ndege. Wachumi wana AERC ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1988, na wa sayansi za jamii wana CODESRIA ya Dakar, iliyoanza mwaka 1973 na ambayo warsha zake za mbinu za utafiti zimewalea wasomi wengi wa bara hili.

Nafasi hizi hutangazwa kwa msimu, na dirisha likifungwa limefungwa. Anayeanza kutafuta hati ya matokeo, pasipoti na barua za mapendekezo siku tangazo linapotoka amechelewa tayari. Andaa faili moja muhula wa kwanza: hati za matokeo zilizothibitishwa, wasifu wa kurasa mbili, na maelezo ya utafiti wako katika ukurasa mmoja ambao hata mtu wa fani nyingine ataelewa. Ukurasa huo mmoja ndio unaowashinda wengi. Ukimwomba mhadhiri barua, mpe faili hilo pamoja na tangazo lenyewe na tarehe ya mwisho. Barua ya mapendekezo inayosema tu kwamba mwanafunzi ana nidhamu na bidii haimsaidii, na mara nyingi mhadhiri huandika hivyo kwa sababu hakupewa la kuandika.

Tuje kwenye ujuzi, maana hapa kuna vya bure vingi ambavyo havitumiki. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018, inapokea watu 2,100 kwa wakati mmoja. Watu huiona kama mahali pa kusomea tulivu, na kweli ni afueni kwa aliyezoea kelele za baa na gereji usiku kucha. Thamani yake kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwenye majarida ya kielektroniki. Mpango wa kimataifa wa Research4Life, uliozaliwa mwaka 2002 kwa tawi la afya la Hinari na baadaye kuongeza kilimo, mazingira, teknolojia na sheria, unazipa taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida ambayo mtu binafsi angeyalipia kwa dola. Unaingia kwa jina la taasisi, si la mtu, kwa hiyo mkutubi ndiye mwenye ufunguo. Mwulize. Kisha pakua makala zako pale pale kwa mtandao wa chuo, usije ukamaliza bando lako nyumbani.

Kwa uandishi wa kitaaluma kuna AuthorAID, mpango wa shirika la INASP la Uingereza, ulioanza mwaka 2007. Unatoa kozi za bure kwa intaneti na kuwaunganisha watafiti wachanga na wazoefu. Katika uchapishaji kuna jambo la kuepuka pia. Siku utakapowasilisha andiko lako kwenye kongamano lolote, barua pepe za kukusifu zitaanza kuingia: jarida la kimataifa, makala kuchapishwa ndani ya siku chache, lipa dola kadhaa. Chuo kikidai makala iliyochapishwa kabla ya kuhitimu, shinikizo la kulipa linakuwa kubwa, na makala nzuri inakwenda kuzikwa mahali ambapo hakuna anayeiheshimu. Jarida la kweli linakuonyesha wahariri wanaofahamika kwenye fani, linakupa maoni ya wasomaji wawili au watatu wanaokusumbua, na linachukua miezi. Yapo hapa nyumbani: Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha yanayotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Tanzania Zamani kwa wanahistoria, Huria la Chuo Kikuu Huria. Mengine ya Afrika yamekusanywa kwenye tovuti ya AJOL, iliyoanza mwaka 1998 na ambayo sasa inaendeshwa kutoka Afrika Kusini.

Kuhusu kazi, lazima niseme wazi, hata kama inakatisha tamaa. Wengi wanaanza uzamili wakiwa na ndoto ya kufundisha chuo. Matangazo ya kazi ya vyuo vya umma kwa mhadhiri msaidizi hudai GPA ya 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili. Aliyehitimu shahada ya kwanza na 3.4 hataweza kuirekebisha kwa uzamili hata akipata alama za juu kabisa. Ni bora alijue hilo leo, aupe uzamili wake lengo lingine. Kwa mhasibu, mtihani wa CPA wa bodi ya NBAA huenda ukamfungulia zaidi kuliko tasnifu. Mtu wa ununuzi na ugavi anahitaji cheti cha bodi yake, PSPTB. Mhandisi kijana ana mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ulioanza mwaka 2003, unaompa mafunzo kazini ya miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu hadi afikie kusajiliwa. Uzamili na cheti cha bodi vinaweza kwenda pamoja, mradi mtu amepanga kipi kitangulie.

Sasa nifike ninapopajali zaidi, utafiti wenyewe. Kozi za darasani karibu kila mtu anazimaliza. Watu wanapotea kwenye tasnifu, pale ratiba inapokwisha na kila mtu anabaki na msimamizi wake na ukimya. Msimamizi ana wanafunzi wengi, mwanafunzi ana mwajiri. Miezi mitatu inapita bila ujumbe, halafu aibu inaingia, na aibu hiyo inazaa miezi mingine mitatu. Dawa yake ni makubaliano ya maandishi tangu mwanzo: sura ipi itumwe lini, maoni yarudi baada ya wiki ngapi, mwanafunzi akinyamaza nani amtafute. Pili ni kikundi cha watu watano au sita, na Manzese inajua tayari namna ya kukiendesha. Ni mchezo uleule wa kupeana fedha kwa zamu chini ya kijumbe, isipokuwa hapa kinachochangwa ni usomaji: wiki hii wote wanasoma kurasa kumi za Asha, wiki ijayo za Juma, na asiyeleta kurasa zake zamu ikifika anaulizwa. Si lazima wawe fani moja. Muuguzi akiisoma sura ya mchumi na asiielewe, kosa mara nyingi liko kwenye sura.

Na kuishi Manzese ni mtaji wa kitafiti. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali na Benki ya Dunia walianza mradi wa viwanja na uboreshaji wa makazi holela. Sinza ilipimwa viwanja vipya, Manzese ikaboreshwa ikiwa na watu wake ndani. Mitaa miwili jirani, sera moja, njia mbili, na leo tofauti yake unaiona kwa miguu. Tangu hapo wanafunzi wamekuja na madodoso yao kuhusu maji, taka, kodi za nyumba na biashara ya mitumba. Anayeishi hapa anajua saa ambayo mama lishe ana nafasi ya kuzungumza, na anajua swali lipi linaudhi.

Ila ujirani hauondoi utaratibu. Kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makamu Mkuu wa Chuo ana mamlaka ya kutoa kibali cha utafiti kwa niaba ya Serikali, kwa waraka wa Julai 1980. Barua hiyo inashuka kutoka mkoa kwenda wilaya na manispaa, ambayo kwa Manzese sasa ni Ubungo na si Kinondoni, hadi kwa mtendaji wa kata na wa mtaa. Utafiti wa afya unahitaji na kibali cha maadili, cha kamati ya chuo au cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakulazimu ujue majina na namba za simu ulizokusanya unazihifadhi wapi na unazifuta lini. Ukimaliza, peleka matokeo ofisi ya mtaa, kurasa mbili za Kiswahili chepesi, na uombe dakika kumi kwenye mkutano wa wakazi. Watu waliojibu maswali yako wana haki ya kujua ulichokiona, na wewe utapata mazoezi ya kueleza utafiti kwa wasio wasomi, ujuzi ambao kila mwajiri anautafuta.

Vyuo navyo vina la kufanya, na halihitaji mradi wa mamilioni ya dola. Warsha ya uandishi ikiwekwa Jumanne saa 4 asubuhi, mwalimu aliye darasani kwake na muuguzi aliye zamu wamefungiwa nje. Nawaomba wakurugenzi wa masomo ya uzamili waanze na ratiba ya muhula ujao: warsha Jumamosi, saa za ushauri baada ya saa 11 jioni, na orodha ya ufadhili inayotenganisha waziwazi nafasi za waajiriwa wa vyuo na nafasi zinazoweza kuombwa na mtu yeyote.