Jiko la Presha: Namna ya Kuanza Kulitumia Nyumbani

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya chombo kimoja cha jikoni ambacho kimekwisha kuingia katika baadhi ya nyumba zetu zilizofikiwa na umeme hapa Iguguno, wala hakijazoewa bado. Wauzaji hukiita presha kuka ya umeme, na wengine hukiita jiko janja. Sisi tutakiita jiko la presha, ili jina lenyewe litukumbushe kazi yake. Huwekwa juu ya meza, huchomekwa katika soketi, nacho hupika kwa nguvu ya mvuke uliofungiwa ndani.

Aghalabu chombo cha namna hii huachwa kwa sababu ya siku yake ya kwanza. Kwetu sisi ilikuwa hivyo. Tulikinunua kwa akiba ya miezi kadha, tukawaalika majirani waje kuona, kisha tukakijaza maharage mpaka karibu na ukingo. Baada ya kitambo povu jekundu likaanza kuruka katika tundu la mvuke, watoto wakakimbilia nje, naye bibi yao akasema, "Lizimeni hilo kabla halijatuunguza!" Basi jiko likapandishwa rafuni, likafunikwa kitambaa, likakaa huko miezi miwili, na kuni zikaendelea kufuatwa mbali kama zamani. Jiko halikuwa na kosa lo lote. Sisi ndio tuliokosa kujifunza.

Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Twaona kwamba shauri hili lafaa sana kwa chombo kigeni. Siku ya kwanza tukitazame, siku ya pili tukijaribu kwa maji matupu, na siku ya tatu tukipe kazi. Na kazi hiyo iwe maharage.

Kwa nini maharage? Kila mama wa Unyiramba ajua ni chungu kipi kinachokula kuni. Ugali husongwa kwa muda mfupi, na mlenda huiva upesi. Lakini maharage na kande hukaa motoni saa mbili, tatu, hata zaidi. Sababu mojawapo ni nchi yetu yenyewe. Mji wa Singida uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mahali palipoinuka hivyo maji huchemka yakifikia nyuzi 95 hivi, wala si 100 kama kule Tanga au Dar es Salaam. Hata tuchochee moto namna gani, maji ya chungu kilicho wazi hayapati joto kupita hapo. Kuni zinazozidi huwa zageuza maji kuwa mvuke tu, nao hupotea hewani.

Jiko la presha huuzuia mvuke huo usitoke. Mvuke ukikosa njia hulemea maji, na maji yaliyolemewa hayachemki mpaka yapate joto kubwa zaidi. Ndani yake joto hupanda kupita nyuzi 110, na chakula kigumu hulainika kwa muda mfupi. Maarifa haya si ya jana. Mfaransa mmoja, Denis Papin, alikionyesha chungu cha namna hii mbele ya wataalamu wa London mwaka 1679, kikalainisha hata mifupa. Naye aliijua hatari yake, akakitilia kizibo cha usalama cha kupunguza mvuke unapozidi. Majiko ya leo yameongezewa umeme na kipimo cha joto kinachouwasha na kuuzima moto chenyewe.

Basi, siku ya kwanza tukitazame. Tufungue kifuniko, tukipindue, tuone vitu vitatu. Cha kwanza ni mpira wa mviringo uliozunguka ukingo wa ndani; ukiwa umekunjamana, au umeachwa nje wakati wa kuosha, mvuke utatoka pembeni na chakula hakitaiva. Cha pili ni kizibo cha mvuke, ambacho hugeuzwa kufungwa au kufunguliwa. Cha tatu ni pini ndogo inayopanda mvuke ukijaa na kushuka mvuke ukiisha. Pini hiyo ni mlinzi wa mlango. Ikiwa juu, kifuniko hakifunguliwi, wala asitokee mtu wa kukishindania kwa nguvu. Tena tuitazame sufuria ya ndani: hutolewa, huoshwa, na hukaushwa vizuri chini yake kabla ya kurudishwa. Kamwe maji yasimwagwe katika jiko pasipo sufuria hiyo, kwani ndimo ulimo umeme.

Siku ya pili tuchemshe maji matupu. Tutie vikombe vitatu, tufunge kifuniko, tugeuze kizibo mahali pa kufunga, tuweke dakika 5. Mwanzoni jiko litakaa kimya, na wengi hudhani limeharibika. Kumbe lapasha maji moto. Baadaye pini itapanda, ndipo dakika zianze kuhesabiwa. Zikiisha, tukae mbali, tukigeuze kizibo kwa mwiko mrefu, uso na mkono visiwe juu ya tundu. Mvuke utatoka kwa kishindo. Watoto wauone wakiwa mbali, wajue kwamba unaunguza kuliko maji yachemkayo. Aliyekwisha kusikia kishindo hicho siku ya maji hatakikimbia siku ya maharage.

Siku ya tatu tulipe jembe. Katika jiko la lita 6 tutie nusu kilo ya maharage yaliyochaguliwa na kuoshwa, pamoja na maji lita moja na nusu, na kijiko cha mafuta ya alizeti ili kupunguza povu. Sheria ni hii: vyakula vingine visizidi theluthi mbili za sufuria, lakini maharage, kunde na choroko visizidi nusu, kwa maana huvimba na kutoa povu. Hiyo ndiyo sheria tuliyoivunja sisi. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yapewe dakika 20 hivi, yasiyolowekwa, 40, na yaliyokaa ghalani muda mrefu huhitaji zaidi. Muda ukiisha tusifungue kizibo. Tungoje robo saa au zaidi mpaka pini ishuke yenyewe, kwani tukiuachia mvuke ghafula povu litafuata nyuma yake. Nazi, nyanya na vitunguu vitiwe baadaye.

Hapa kuna onyo moja. Majiko mengine yana kitufe cha kupika polepole kwa moto mdogo. Maharage mekundu yasipikwe hivyo yakiwa mabichi, kwa sababu yana sumu isiyoondoka ila kwa kuchemka barabara, nayo huleta kutapika na kuhara.

Maharage yakizoeleka, tuendelee kwa kande, kisha jogoo wa kienyeji, ambaye huku kwetu ajulikana kwa utamu na kwa ugumu pia. Ugali na uendelee kusongwa kama ulivyo, kwani wataka mkono na mwiko. Jiko hili halikuja kuyafukuza mafiga siku moja. Limekuja kuyapunguzia kazi ile iliyo nzito kuliko zote.

Sasa tuseme juu ya gharama, maana twajua kwamba baba wengi hukataa kwa hofu ya Luku. Tusibishane; tupime. Zimeni vyombo vingine, andikeni uniti zilizobaki, pikeni, kisha someni tena. Jiko la wati 1,000 lingekula uniti moja kama lingewaka saa nzima bila kukatika. Lakini likisha kujaa mvuke hujizima na kujiwasha kidogo kidogo. Kwa hiyo nusu kilo ya maharage aghalabu hula nusu uniti au pungufu. Mwenye kupika maharage mara mbili kwa juma atumia kama uniti nne au tano kwa mwezi. Mteja mdogo wa nyumbani, ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa kwa bei nafuu. Basi atazame hesabu yake asivuke mpaka huo pasipo kujua. Akiisha kuhesabu, alinganishe na bei ya mkaa, na saa ambazo binti yake hutumia kutafuta kuni badala ya kusoma.

Jiko hili lisichomekwe katika waya mwembamba wa kuungia redio. Lipewe soketi ya ukutani iliyo imara. Umeme ukikatika katikati ya kupika, tuliache limefungwa, maana joto lililomo huendelea kufanya kazi. Umeme ukirudi tuongeze dakika zilizobaki. Tena kabla ya kununua tuulize kama mpira wa kifuniko wapatikana peke yake, kwani ndio uchakaao kwanza.

Moshi nao si jambo dogo. Serikali ya Tanzania imetaja kwamba watu wapatao 33,000 hufa nchini kila mwaka kwa maradhi yatokanayo na moshi wa kupikia. Na mwezi wa Mei 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi, wenye shabaha ya kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lakini mkakati haupiki. Shabaha hiyo itafikiwa nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba itategemea kama chombo kilichonunuliwa kiko mezani au kiko rafuni.

La kwetu liliteremshwa rafuni baada ya miezi miwili. Tulianza na maji matupu, kisha maharage ya nusu sufuria. Bibi yule yule akaketi karibu akiitazama pini. Iliposhuka akaonja, akanyamaza, akaomba chumvi. Tangu siku ile yeye ndiye awafundishaye jirani, na neno lake la kwanza kwao ni hili: "Msilijaze."