Binti Aendaye Chuo Kikuu

Kila mwaka mabinti wa Isangi, Basoko na Bafwasende hufika Kisangani kusoma katika Chuo Kikuu, kilichoanzishwa mwaka 1963, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Stanleyville. Cheti kimo mkononi, lakini atalala wapi? Twapenda kunena naye, na wazazi wake pia.

Ndugu wa Mangobo atampokea kwa furaha. Lakini wahenga walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi asingoje kuambiwa. Ateke maji, apike, ndipo ashike kitabu. Akipata chumba ng'ambo, Lubunga, ahesabu na nauli ya mtumbwi, maana kila siku atavuka mto.

Wengine hupanga chumba pamoja, wasichana watatu au wanne. Udada huo ni mwema, ukiwa na sheria. Kwanza wakubaliane: kodi kiasi gani, nani hushika ufunguo, wageni waondoke saa ngapi. Likelemba yao iandikwe daftarini, kila mmoja apokee kwa zamu.

Lakini yuko mwenye nyumba asiyedai kodi. Binti, jihadhari! Nyumba isiyo na bei, bei yake ni wewe. Hapo ndipo udada hujulikana: mmoja akipungukiwa, wenzake wamkopeshe, asije akabisha mlango ule.

Nanyi wazazi, msimpe nauli tu mkamwacha. Mpeni na kodi ya miezi ya kwanza, hata ikibidi kuuza mbuzi. Mbuzi atanunuliwa tena.