Mjue Daktari Wako
Wenzetu wengi waliohamia England hukaa bila daktari wa familia wakidhani hawatapokelewa bila pasipoti au bili ya umeme. Sivyo. Kujiandikisha kwa GP ni bure, na kukosa karatasi hizo si sababu ya kukataliwa. Bibi asiyejua Kiingereza aombewe mkalimani, naye pia ni bure. Asilazimike kumweleza mjukuu siri za mwili wake.

Ukishapewa jina la daktari, litafute kwenye tovuti ya GMC, baraza linalosajili madaktari. Kila mmoja ana namba ya tarakimu 7. Tazama mambo matatu: amesajiliwa? Ana leseni ya kutibu? Yumo katika orodha ya madaktari wa familia? Aliye mafunzoni hatakuwamo katika orodha hiyo. Kuhakiki si kumkosea daktari heshima.